Kaseti Isiyotaja Mtu

Ukitaka Mwalimu akukasirikie, ungemwambia tu kwamba kaseti yake ni nzuri. Basi, umeyatafuta. Angeweka kikombe chini, akunje mikono ya shati kama mtu anayejiandaa kupigana, kisha akuulize, "Nzuri wapi?" Na wewe maskini, uliyekuwa unamfanyia heshima tu, ungeanza kubabaika. Nzuri kwa gita. Nzuri kwa sauti ya huyo dada. "Umefika mwisho?" angeuliza. Ukisema ndiyo, hapo ndipo alipokunasa: "Mwishoni kabisa anasema nini?"

Wengi hawakujua. Mimi nilijua, kwa sababu kaseti hiyo ilichezwa katika hoteli yangu pale Rongo mpaka nikahisi hata sufuria zimeikariri. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili, dadake Mwalimu anaimba peke yake na gita moja. Wimbo unaisha, nyuzi zinanyamaza polepole, halafu unamsikia yule msichana akivuta pumzi na kumwambia fundi wa kurekodi, "Haya, zima basi." Kisha kimya. Fundi alitaka kuyakata hayo maneno. Mwalimu akakataa katakata. Alisema pale ndipo msikilizaji anapojua kwamba aliyekuwa akiimba ni mtu, si redio.

Alikuwa akifundisha fizikia katika sekondari moja hapo juu ya barabara, na miaka ile ya tisini alikula kwangu karibu kila siku. Chai ya rangi bila sukari, mandazi mawili. Mfukoni mwa shati daima palikuwa na penseli, si ya kuandikia, bali ya kuzungushia kaseti ili asimalize betri zangu. Hizo ndizo heshima zake. Kununua betri hakununua hata siku moja.

Bendi yao ilikuwa ya watu wanne: yeye, walimu wenzake wawili, na dadake mdogo, msichana wa maneno mengi aliyekuwa akijifunza ushonaji. Hakuna kampuni iliyowatuma. Walijichangia wenyewe, wakaenda Kisumu wikendi moja, wakarudi na sanduku la kaseti. Juu ya kila moja Mwalimu alipiga muhuri wa neno moja tu: Mawe. Hakukuwa na picha, hakukuwa na jina la bendi wala la aliyeimba. Nilimuuliza, sasa mtu akitaka kujua ni nani? Akanijibu, "Asikilize."

Haya, watu wakasikiliza. Niseme ukweli, muziki wenyewe ulikuwa mgumu. Gita ilinguruma kama posho mill, mashine ya kusaga unga, iliyolegea mkanda, halafu ghafla inanyamaza na unabaki na ngoma peke yake. Watu wetu wamezoea wimbo unaoanza taratibu na baadaye unachangamka, watu wanainuka kucheza. Kwa Mwalimu haukuchangamka, ng'o! Kulikuwa na dereva wa lori la miwa aliyemaliza sahani nzima ya maharagwe akingoja. Alipokuwa akinawa mikono akaniuliza, "Mama Hoteli, hiyo nyimbo itaanza saa ngapi?"

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma yake. Nilidhani atamrukia. Badala yake akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema huyo ndiye mtu wa kwanza kusema kweli.

Ndivyo alivyokuwa. Sifa hakuzitaka, lakini alizitoa bila kipimo. Mandazi yangu aliyasifu mbele ya wateja mpaka nikaona aibu. Mwanafunzi aliyepata alama mbaya kabisa, Mwalimu angekuambia kijana huyo anajua kukaa kimya vizuri. Na aliwajua wanafunzi wake wote kwa majina, hata waliomaliza zamani. Akikutana na mmoja sokoni humwita jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani. Lakini kwenye kaseti yake hakutaja mtu. Hata mmoja.

Hilo halikuwa jambo dogo. Huku kwetu wimbo una mwenyewe. Ukienda dansi, muziki husimamishwa, mtu anasimama, anatoa pesa, anamsifu rafiki yake, mke wake, watu wa kwao, ndipo gita zinaendelea. Mwanamuziki akirekodi, anataja: fulani wa kwa fulani, shemeji yangu, mwenye duka pale stendi. Na kaseti yenye jina la mtu wenu haichezewi. Hufungwa kwa kitambaa, hukaa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Siku mwenye jina akifa, ndiyo inayotolewa kwanza.

Mwalimu hakutaka kusikia habari hiyo. "Nikimtaja mmoja," alisema, "wengine wote watakuwa kama wanasikiliza harusi ya watu." Dadake alimbembeleza. Nakumbuka walikuwa kwenye meza ya dirishani, yeye anatengeneza mkanda wa gita kwa sindano.

"Kaka, nitaje basi hata mara moja. Watu wajue ni mimi."

"Sauti yako haitoshi?"

"Sauti si jina, Kaka."

"We shona," Mwalimu akamwambia. Akashona, huku ameuma mdomo kwa kujizuia asicheke.

Na kwa sababu hakuna aliyetajwa, kila mtu alijitafuta humo ndani. Mwenye nyumba mmoja hapa mjini alikuja kufoka kwamba wimbo wa nyumba yenye vyumba vingi na mtu mmoja unamsema yeye. Kiongozi wa kwaya akaniambia sauti ya yule msichana ingefaa kanisani, lakini maneno yale yalimfanya asilale. "Hayana dhambi," akasema, "ila hayana amina." Sikumwambia Mwalimu hayo, maana angefurahi kupita kiasi.

Kule Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kulikuwa na jambo lingine. Wimbo wa tatu una milio ya mawe yanayopondwa. Mwalimu alikwenda huko mwenyewe na redio ndogo, akanasa sauti za wanawake wakiponda mawe ya dhahabu. Kaseti ilipotoka akarudi kuwachezea. Mama mmoja akaacha nyundo, akainua kidole. "Huyo ni mimi," akasema. "Sikiliza, mkono wa kulia umechoka, nimehamia wa kushoto." Wenzake wakambishia, yeye akashikilia. Mwalimu aliporudi Rongo alinisimulia habari hiyo akiwa amesimama, chai inapoa. "Hajatajwa, Mama Hoteli, na amejisikia!" Sijui kama aliwahi kufurahi vile tena. Ndiyo, mara moja tu, na hiyo ni ya Mama Omena.

Mama Omena alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyenunua omena, dagaa za ziwani, kisiwani Remba na kuzileta kwa magunia sokoni kwetu. Alipoambiwa huyu ndiye mwenye kaseti, alimwendea palepale. "Mwalimu, nyathina, mwanangu, nitaje. Sema tu, Mama wa Remba anayelisha nchi. Nitakulipa." Mwalimu akakataa. Yule mama akamsonya, akacheka, akainunua hivyo hivyo, eti kwa sababu ya msichana. Alipokuja tena na mzigo mwingine hata salamu hakutoa. Alisimama mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

"Huyo msichana wako ana haraka ya wapi? Eti 'Haya, zima basi.' Kwani betri ni zake?"

Mwalimu alisimama kama askari. Akamvutia kiti, akamwagizia chai ya maziwa na mayai mawili, na akalipa, jambo lililonishangaza kuliko yote. Yule mama alikuwa amefika mwisho bila kuulizwa.

Sasa nieleze mambo mengine, na sitaki kuyaeleza.

Dadake aliugua. Miaka ile ugonjwa hatukuutaja. Tulisema ana kifua, tulisema maji ya mahali alipokuwa hayakumkubali, tulisema lolote isipokuwa lenyewe. Mwalimu alikuja jioni kuchukua supu kwenye chupa ya chai, akarudi asubuhi na chupa bado nzito. Hakuniambia hali yake na sikumuuliza. Mwishowe alikuja siku moja na chupa tupu, imeoshwa, akaiweka mezani, akanishukuru kwa Kiluo, "Ero kamano, Mama." Nikajua.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, alitoa kaseti mfukoni, mahali pa ile penseli, akaiweka chini ya mkono wa dadake. Nilikuwa karibu. Nikamvuta shati. "Mwalimu, hiyo si yako ya mwisho?"

"Ziko kila mahali, Mama," akasema. "Tulizisambaza Migori nzima na Homa Bay. Wacha hii aende nayo."

Yangu ilikuwa imeshaliwa na redio zamani, na aliyeiua ni yeye mwenyewe, kwa kuirudisha nyuma kila saa ili wateja wasikie ule wimbo wa mwisho. Utepe ulinyooka, ukakunjamana, siku moja ukatoka nje wote kama matumbo ya kuku. Tulicheka siku ile. Alisema ataniletea nyingine.

Baada ya matanga ndipo alipotamani kuisikia sauti. Kwanza kidogo, kama mtu anayetamani maji. Alikwenda kwa fundi Kisumu, akakuta duka limehamwa na ule utepe mkubwa wa kwanza, walioimbia wao, umesharekodiwa watu wengine. Mwenzake mmoja wa bendi alikuwa amehamishwa mbali, na kaseti yake iliibwa pamoja na redio. Wa pili alikuwa naye amezikwa. Mwalimu akamwendea mjane wake. Mama wa watu akamletea kaseti, muhuri wa Mawe uko palepale juu. Wakaitia kwenye redio. Ikatoka kwaya, halafu mzee mmoja akitoa hotuba juu ya kaburi.

Hapo ndipo alipoelewa, na aliponisimulia ndipo nami nilipoelewa.

Miaka ile tulikuwa tunazika kila Jumamosi. Jumamosi nyingine tuligawana, mmoja aende huku, mwingine kule. Na kila msiba ulitaka kurekodiwa, hotuba na nyimbo, kwa ajili ya watoto walio mbali wasioweza kufika. Kaseti tupu zilikwisha madukani. Basi mtu hufungua kabati. Hii ina jina la babu, isiguswe. Hii inamtaja shangazi, irudishe. Na hii? Haimtaji mtu. Wanachana karatasi, wanaziba vile vitundu viwili vya juu ya kaseti ili ikubali kurekodi tena, wanabonyeza. Nani angewalaumu? Wana mtu wao amelala sebuleni.

Mwalimu akaanza kuzunguka. Alinunua kaseti mpya, akazitia kwenye mfuko, akawa anakwenda nyumba kwa nyumba: nipe ile ya muhuri wa Mawe, chukua mpya mbili. Upande wa Migori kuna boma moja alifika wakiwa bado na msiba. Vijana wakaona mtu na mfuko wa kaseti, wakadhani ni mchuuzi aliyekuja kufanyia biashara kwenye maiti yao. Walimfukuza kwa mawe. Alirudi Rongo na jicho limevimba. Nikamkanda kwa maji ya moto, nikimtukana muda wote.

"Mawe," akasema baadaye. Akajaribu kucheka, akashindwa.

Nyingine alizipata. Alizileta hotelini baada ya wateja wa mchana kuondoka, tukazisikiliza. Na aliziacha ziende mpaka mwisho, kila moja, kwa sababu labda palibaki kipande. Kwaya, vilio, katibu wa kamati akisoma waliofika, mtoto akimuaga baba yake. Hakikubaki kitu. Mimi nilikuwa naondoka kwenda kuosha vyombo, siwezi. Yeye aliketi. Ilifika mahali akajua misiba ya watu kuliko wenyewe. "Yule mama wa Uriri," angeniambia, "mwanawe wa tatu alimsifu vizuri sana." Mtu aliyehangaika miaka yote kutafuta wa kumsikiliza, sasa ndiye aliyekuwa akisikiliza wafu wa nchi nzima.

Aliacha kunyoa ndevu. Shuleni walianza kulalamika. Mandazi aliyaacha sahani nzima. Nilikuwa nikimwona akija na moyo unanishuka, Mungu anisamehe, kwa sababu sikuwa na la kumwambia. Siku moja aliniuliza bila kuinua macho, "Aliniomba mara ngapi nimtaje?"

"Nyamaza unywe chai," nikamwambia.

"Kama ningesema tu jina lake. Mama zetu wangeifunga kwa kitambaa."

Nikasema tena anyamaze, safari hii kwa sauti, mpaka mtu wa meza ya pili akageuka. Nilikuwa na hasira. Na nani, sijui. Na yeye, na vile vitundu viwili, na Jumamosi zote zile.

Mara ya mwisho tulipokuwa pamoja kwa jambo lolote la maana ni Homa Bay. Tulikuwa tumesikia kwamba Mama Omena ameondoka Remba na amepanga chumba mjini huko, nyuma ya soko. Mwalimu alikuja kwangu amenyoa. Sijui aliutoa wapi ule uso. "Yule alifika mwisho," akasema. "Yule hawezi kuifuta. Twende, Mama, mimi peke yangu sitaweza." Nikafunga hoteli siku ya soko, kitu ambacho hata kwa msiba wa kwetu sikukifanya.

Tulimkuta. Mwili wote ule ulikuwa umekwenda, umebaki urefu tu. Alitukaribisha, akatupa viti, yeye akakaa kitandani. Chumba kilikuwa na joto la mabati. Mwalimu alipotaja kaseti, Mama Omena aliweka mkono kichwani, akaufunga mdomo kwa mkono wa pili. Halafu akainama chini ya kitanda, akavuta sanduku, akatoa kitu kilichofungwa kwa kipande cha leso.

Nilimwona Mwalimu akikitazama kile kitambaa. Kimefungwa! Uso wake ulifunguka nikamwona yule kijana wa zamani wa "nzuri wapi." Alikifungua. Muhuri wa Mawe ulikuwepo. Akaigeuza kaseti, na juu yake, kwenye vile vitundu viwili, kulikuwa na karatasi.

"Mwanangu," Mama Omena akasema. "Wa pekee. Kisiwa kizima hakukuwa na kaseti tupu, Mwalimu. Nilikuwa na hiyo moja. Niliishika mkononi mpaka mchungaji akaniita mara mbili. Nilimwomba huyo msichana anisamehe, nikawapa."

Nilitaka kumshika Mwalimu mkono, nikaogopa. Baadaye akauliza, kwa adabu, kama anaweza kusikiliza upande wa pili. Mama Omena akamsogezea redio.

Kwaya iliimba. Mchungaji akasali. Mtu akataja jina la kijana, jina lote, la ubatizo na la nyumbani, na la baba yake, na Mama Omena akawa anaitikia kwa kichwa kila linapotajwa. Tukasikiliza kijana akizikwa mwanzo mpaka mwisho. Udongo ukaanguka. Watu wakalia, na katikati ya kilio sauti ikakatika, kwa maana aliyekuwa akirekodi alichoka au alishindwa. Mwalimu hakuinuka. Utepe ukavuma. Halafu, bila kutarajia, gita. Si wimbo, jameni, wimbo ulikuwa umekwisha kuliwa. Nyuzi tu, zile za mwisho kabisa, zikinyamaza. Tukamsikia msichana akivuta pumzi.

"Haya, zima basi."

Mwalimu akanyoosha mkono, akazima.

Mama Omena alikuwa wa kwanza kusogea. Machozi yalimfika kidevuni. "Irudishe nyuma, nyathina. Irudishe umsikie tena."

"Amesema tuzime," Mwalimu akasema.

Akaitoa kaseti. Karatasi moja ilikuwa imelegea kwenye kitundu, akaisukuma kwa ncha ya penseli mpaka ikakaa vizuri. Akaifunga tena kwenye leso kama alivyoikuta, fundo kwa fundo. Mama Omena akatikisa kichwa, akaisukuma kwake kwa mikono yote miwili: chukua, ni dada yako huyo, mimi nimeshamsikia wangu vya kutosha. Mwalimu akaiweka mapajani mwa yule mama.

"Hii ina jina la mtu, Mama," akasema. "Iweke."